Je, aliyezaliwa mara ya pili lazima abadilike? Jibu kwa mama wa Kibirizi

SWALI: Shikamoo mchungaji. Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Mume wangu alikuwa mlevi. Alichukua mtaji wangu pamoja na fedha zangu za VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, alinipiga mara nyingi, na mwishowe akaondoka. Tumeishi mbalimbali kwa miaka miwili. Miezi saba iliyopita aliokoka kwenye mkutano wa injili kule Kasulu, akabatizwa, na sasa amerudi kwenye uvuvi na anaomba kurudi nyumbani. Wazee wa kanisa wananiambia nimpokee kwa sababu ya kale yamepita, na kwamba nikikataa ninamtilia shaka Roho Mtakatifu. Mama yangu anasema tabia ni kama ngozi. Wiki mbili zilizopita binamu yangu alimwona kilabuni Mwanga akinywa. Naomba unijibu kwa Biblia: je, mtu akizaliwa mara ya pili, maisha yake yanabadilika kwa hakika? Na kama alikunywa, ina maana hakuokoka?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Barua yako imenifikia hapa Tabora, na nimeisoma zaidi ya mara moja kabla ya kuthubutu kuijibu, kwa sababu ndani yake kuna swali la mafundisho ambalo naweza kulijibu nikiwa nimeketi mezani, na kuna swali la mlango wa nyumba yako ambalo jibu lake likikosewa, wewe ndiye utakayeumia. Wazee wako wameyachukua maswali hayo mawili kana kwamba ni moja. Mimi nitayatenganisha.

Kwa lile la kwanza, jibu langu ni ndiyo. Mtu aliyezaliwa na Mungu hubadilika, na Agano Jipya halimfahamu mtu aliyezaliwa kwa Roho kisha akabaki vilevile mpaka kaburini. Lakini hakika hiyo ni ahadi ya Mungu juu ya kazi yake mwenyewe. Si hati ya dhamana ambayo mzee wa kanisa anaweza kuiandika kwa niaba ya mwanamume fulani, miezi saba baada ya mkutano, ili mke wake afungue mlango.

Tuanze pale neno lenyewe linapoanzia, katika sura ya tatu ya Injili ya Yohana. Nikodemo, Farisayo na mkuu wa Wayahudi, alimjia Yesu usiku, naye akaambiwa, “Mtu asipozaliwa mara ya pili, hawezi kuuona ufalme wa Mungu.” Neno la Kiyunani ambalo Biblia yetu imelitafsiri “mara ya pili” ni anothen, nalo lina maana mbili: tena, na kutoka juu. Neno hilohilo hutumika pale pazia la hekalu lilipopasuka toka juu hata chini, na katika sura hiyohiyo ya tatu, aya ya 31, linamhusu yeye ajaye kutoka juu. Nikodemo alisikia maana ya “tena” peke yake, ndiyo maana akauliza kama mtu mzima aweza kuingia tumboni mwa mama yake. Yesu alikuwa akizungumza juu ya asili ya uzao huo kuliko hesabu yake: unatoka juu, kwa Roho, wala hakuna anayeuzaa kwa juhudi zake.

Kiswahili chetu kinaweza kutusaidia hapa, na pia kinaweza kutupoteza. Tunasema “ameokoka”, na kitenzi hicho hueleza hali ya mtu bila kumtaja aliyeitenda, kama tunavyosema chungu kimevunjika. Tukisema “ameokolewa”, tunalazimika kuulizana: na nani? Vivyo hivyo “kuzaliwa” ni kitenzi cha kutendwa. Hakuna mtoto anayejizaa. Kwa kuwa midomo yetu imezoea “kuokoka”, tumefikia mahali ambapo wokovu unahesabiwa kuwa jambo ambalo mtu amelifanya siku fulani, kwa kuinua mkono na kurudia maneno ya mhubiri, na tangu saa hiyo tunamhesabu. Sala ya toba inayoongozwa jukwaani ni desturi ya mikutano ya uamsho ya karne hizi za karibuni. Hutaikuta ikiongozwa hivyo katika Matendo ya Mitume. Sisemi kwamba Mungu haitumii, maana nimewaona watu waliosimama kwa miaka mingi ambao safari yao ilianzia hapo. Nasema kwamba sala hiyo ni ombi la kuzaliwa, na mwenye kuomba si lazima awe amekwisha kupewa. Kuhusu upepo wa Roho Yesu alisema, “sauti yake waisikia, lakini hujui unakotoka wala unakokwenda.” Wazee wako wanadai kujua unakotoka na unakokwenda, na hata tarehe uliyofika Kasulu.

Najua pia kwamba makanisa yetu hayasemi kwa sauti moja juu ya wakati wa uzao huo. Wakatoliki na Walutheri huufungamanisha na ubatizo, wakishika maneno ya “maji na Roho” na yale ya Tito 3:5, na Waanglikana wengi husema hivyohivyo. Wapentekoste huufungamanisha na saa ya kuamini na kutubu. Kwa swali lako tofauti hiyo haina uzito mkubwa, kwa sababu pande zote zinakubaliana kwamba uzima uliopandwa lazima uonekane, na kwamba aliyebatizwa au kuongozwa sala bila badiliko lolote anapaswa kuonywa, wala asitulizwe.

Sasa nizungumze juu ya mama yako, kwa maana nadhani hakutendewa haki katika mabishano haya. Anaposema tabia ni kama ngozi, hapingani na Biblia, anasema alichosema nabii Yeremia katika sura ya 13, aya ya 23: “Je! Mkushi aweza kuibadili ngozi yake, au chui madoadoa yake?” Nabii akaongeza kwamba ndivyo walivyo waliozoea kutenda mabaya. Mama yako ameona wanaume wengi walioapa na kurudia, na macho yake si ya mtu asiyeamini. Biblia haimjibu mama kwa kusema kwamba ngozi ni rahisi kubadilika. Inamjibu kwa kukubali kwamba mwanadamu hawezi, kisha inaleta mtendaji mwingine: Ezekieli 36:26, “nami nitatoa moyo wa jiwe uliomo ndani ya mwili wenu, nami nitawapa moyo wa nyama,” na aya inayofuata inaahidi kwamba Mungu atatia roho yake ndani yao na kuwaendesha katika sheria zake. Hapo ndipo ninapopata ujasiri wa kukuambia ndiyo. Nisingethubutu kukuahidi badiliko kwa kutegemea nia ya mume wako, hata kama machozi yake pale Kasulu yalikuwa ya kweli kabisa.

Tuje kwenye aya waliyokusomea wazee, 2 Wakorintho 5:17: “mtu akiwa ndani ya Kristo amekuwa kiumbe kipya, ya kale yamepita tazama! Yamekuwa mapya.” Ni neno la kweli, nami nalipenda. Lakini waraka huo hauishii sura ya tano. Geuza kurasa hadi mwisho wa sura ya 12, umsikie Paulo yuleyule akiwaandikia watu walewale wa Korintho kwamba anaogopa akija atakuta kwao ugomvi, wivu, hasira na masingizio, na kwamba atawasikitikia wengi waliokosa zamani wala hawakutubia uchafu wao. Kisha katika 13:5 anawaagiza wajijaribu wenyewe kama wamekuwa katika imani. Kama “ya kale yamepita” ingekuwa na maana wanayoitumia wazee wako, yaani kwamba hakuna tena ruhusa ya kuuliza, basi Paulo angekuwa wa kwanza kuivunja. Aliiandika kama tangazo la kile ambacho Mungu ameanzisha katika Kristo, na palepale akaendelea kuuliza, kuonya na kupima.

Swali lako la pili, kama kunywa kwake kunaonyesha kwamba hakuokoka, linatupeleka kwenye Waraka wa Kwanza wa Yohana, ambako watu wengi wamejikwaa. Katika 3:9 imeandikwa, “Kila mtu aliyezaliwa na Mungu hatendi dhambi.” Katika 1:8 mtume huyohuyo anaandika, “Tukisema kwamba hatuna dhambi, twajidanganya wenyewe.” Walimu wengi hueleza kwamba kitenzi cha 3:9 kiko katika wakati uliopo, unaoonyesha mazoea, na sikio la Mswahili hulielewa jambo hilo bila darasa: tukisema “fulani hanywi pombe”, tunaeleza mwenendo wake, wala hatuapi kwamba hajawahi kuonja, na tukisema “fulani anakunywa”, kila mtu mtaani anajua tunazungumzia nini. Nakubaliana na ufafanuzi huo, ingawa lazima niwe mwangalifu, kwa sababu katika 5:16 Yohana anatumia wakati huohuo uliopo kwa ndugu anayeonekana akitenda dhambi, na bado anamwita ndugu. Kwa hiyo hoja haiwezi kusimama juu ya kitenzi peke yake. Inasimama juu ya waraka mzima, ambao unawakataa watu wawili kwa pamoja: anayesema hana dhambi, na anayesema amemjua Mungu huku akiishi gizani na kumchukia ndugu yake.

Basi usiku mmoja kilabuni hauwezi kukuambia kwamba mume wako hakuzaliwa mara ya pili. Petro, baada ya Pentekoste, alijitenga na waumini wa Mataifa kule Antiokia kwa kuwaogopa watu, hata Paulo akampinga mbele ya wote, kama Wagalatia 2 inavyosimulia. Na hakuna anayesema Petro hakuwa wa Kristo. Kitakachokuambia zaidi ni kile alichofanya kesho yake asubuhi. Je, alikwenda mwenyewe kwa mchungaji wake au kwa mzee anayemwamini akasema, “Jana nimeanguka”? Au umelijua jambo hili kwa sababu binamu yako alipita njia ile, na yeye alipoulizwa akakana, au akasema alikwenda kumtafuta mtu? Aliyezaliwa na Mungu huanguka, lakini hawezi kukaa raha na uongo wake kwa muda mrefu. Ulevi ni kifungo cha mwili pia, na mwili uliozoea pombe kwa miaka huidai hata baada ya moyo kugeuka. Namhurumia kwa hilo. Uongo juu ya ulevi ni jambo lingine.

Wewe unaishi ufukweni na unalijua jambo ambalo mchungaji wa mjini huenda halifikirii. Wakati wa giza wavuvi wa dagaa wako ziwani usiku kucha na taa zao, na asubuhi ni kupakua na kulala. Ikija mbalamwezi, taa hazivuti tena dagaa, mitumbwi inakaa mchangani, fedha ya giza lililopita iko mfukoni, na mikono haina kazi. Ukitaka kuujua mwenendo wa mvuvi aliyeokoka, usihesabu Jumapili alizohudhuria, angalia anavyozipitisha siku za mbalamwezi. Miezi saba ni mbalamwezi saba. Amezipitishaje? Alikuwa wapi, na nani, na fedha ilikwenda wapi? Na wiki mbili zilizopita, siku ile ya kilabuni, mwezi ulikuwaje? Mwanamume aliyeanza kubadilika huijua saa yake ya hatari na huipangia jambo kabla haijafika: huenda shambani kwa ndugu zake, hushona nyavu, humkabidhi mtu fedha zake amtunzie. Mtume Petro anawaambia waliokwisha kusafishwa dhambi zao wajitahidi sana kutia katika imani yao wema, maarifa, kiasi na saburi, katika 2 Petro 1:5-6. Roho hamfanyi mtu kuwa mvivu wa kupanga.

Hapa nataka nikusimulie habari ya mtu mmoja wa historia, kwa sababu inagusa jambo ambalo wazee wako hawajaliona kabisa. John Newton alikuwa Mwingereza, baharia katika biashara ya watumwa. Mwaka 1748, akiwa katika merikebu iliyokaribia kuzama kwa dhoruba, alimlilia Mungu, na maisha yake yote aliihesabu siku hiyo kuwa mwanzo wa kugeuka kwake. Aliacha kutukana, akaanza kusali na kusoma Maandiko. Kisha akarudi pwani ya Afrika Magharibi, akawa nahodha wa merikebu za watumwa, akiongoza ibada kwa mabaharia wake juu na watu wakiwa wamefungwa minyororo chini. Aliiacha kazi hiyo mwaka 1754, na kilichomtoa ni ugonjwa. Aliwekwa wakfu kuwa mchungaji mwaka 1764, na ilikuwa mwaka 1788 tu, miaka arobaini baada ya dhoruba, ndipo alipoandika hadharani kuilaani biashara ile na kukiri kwa aibu sehemu aliyokuwa nayo. Yeye mwenyewe baadaye alisema kwamba hawezi kujihesabu kuwa alikuwa mwamini kwa maana kamili katika siku zile za mwanzo.

Wahubiri hupenda kuisimulia habari hii kama ushuhuda wa neema, nami sikatai kwamba ni neema. Ila mimi naishi Tabora, na nyinyi mko karibu na Ujiji. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita hapa kwetu ikaishia huko kwenu, na watu walipitishwa juu yake wakiwa wamefungwa. Si njia ya Newton, lakini ni biashara ya namna ileile, na kwa sababu hiyo siwezi kuisikiliza habari yake kutoka upande wa nahodha peke yake. Kama uzao wa pili wa Newton ulikuwa wa kweli tangu 1748, na mimi nadhani mbegu ilikuwa ya kweli, basi ilikuwa mbegu iliyokua taratibu mno, na wakati inakua, watu waliokuwa chini ya sitaha hawakupata nafuu yoyote kutokana na sala zake. Toba ya mwaka 1788 haikuwafikia.

Binti yangu, sikia ninachosema hapa, maana ndicho ninachokiamini kuliko yote niliyoyaandika. Badiliko la mtu aliyezaliwa mara ya pili ni la hakika, lakini mwendo wake haujulikani, na Mungu hajaagiza mahali popote kwamba mwili wa mke uwe mahali pa mume kujifunzia upole. Akue, lakini asikue kwa gharama ya mbavu zako.

Nakiri kwamba sikulijua jambo hili tangu mwanzo. Zamani, nikiwa mchungaji kijana katika wilaya moja ya mkoa huu, nilimshauri mama mmoja ampokee mumewe aliyeokoka katika mkutano ambao nami nilihubiri. Nilimsomea aya ileile unayosomewa wewe. Hakufikisha miezi mitatu kabla ya kulazwa akiwa na mkono uliovunjika, na nilipomtembelea hospitalini hakunilaumu, jambo ambalo limeniuma kuliko angenilaumu. Tangu siku hiyo sijamwambia mwanamke yeyote kwamba ni wajibu wake wa imani kurudi chini ya mkono uliokuwa ukimpiga.

Nao ushahidi wa Maandiko juu ya kungoja ni mwingi kuliko nilivyofundishwa chuoni. Hakuna uongofu tunaousifu kuliko ule wa Sauli njiani kwenda Dameski. Lakini soma Matendo 9:26: alipofika Yerusalemu alijaribu kujiunga na wanafunzi, nao walikuwa wakimwogopa wote, wasisadiki ya kuwa yeye ni mwanafunzi. Wagalatia 1:18 inatuambia kwamba safari hiyo ilikuwa baada ya miaka mitatu. Miaka mitatu, na waliodhulumiwa bado waliogopa, wala hakuna mahali ambapo Luka anawakemea kwa kumtilia shaka Roho Mtakatifu. Kilichofungua mlango ni Barnaba, mtu waliyemwamini, aliyemchukua Sauli na kueleza mambo aliyoyafanya: jinsi alivyohubiri kwa ujasiri kule Dameski, mahali palepale alipokuwa anakwenda kuwafunga watu. Na Paulo mwenyewe baadaye, Barnaba alipotaka wamchukue tena safarini Yohana Marko aliyewaacha njiani Pamfilia, alikataa, hata wakagombana; miaka ilipopita ndipo akaandika katika 2 Timotheo 4:11 kwamba Marko amfaa kwa utumishi. Hakusema Marko si ndugu. Alisema hamwamini kwa safari ile.

Msamaha na kuaminiwa ni vitu viwili. Unaweza kumsamehe mume wako leo, ukiwa peke yako chumbani, bila yeye kujua, na naomba Mungu akupe neema hiyo kwa ajili ya moyo wako. Kuaminiwa hujengwa na anayetaka kuaminiwa, kwa siku nyingi na mbele ya macho ya watu.

Utauliza, basi nitazame nini? Nimekwisha kutaja ukweli baada ya kuanguka, na siku za mbalamwezi. La tatu ni fedha. Zakayo hakuulizwa na mtu kuhusu madeni yake. Alisimama mwenyewe akasema kwamba nusu ya mali yake anawapa maskini, na kama amenyang'anya mtu kitu kwa hila, anamrudishia mara nne. Ndipo Yesu akasema wokovu umefika katika nyumba ile. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliowaka Gahini nchini Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930 kisha ukavuka mpaka kuingia Tanganyika, ulijulikana kwa jambo hilohilo: watu walioguswa walikwenda kwa majirani na waajiri wao wakirudisha walichoiba na kuungama kwa kutaja jambo lenyewe kwa jina. Mume wako alichukua mtaji wako na fedha zako za VICOBA. Kundi lako bado linadai, au wewe umelipa peke yako kwa kuuza dagaa ndoo kwa ndoo. Je, katika miezi hii saba, akiwa mvuvi mwenye kipato kila giza, amerudisha hata shilingi elfu kumi bila kuombwa? Simpimi kwa ukubwa wa kiasi. Waefeso 4:28 inamwambia mwibaji asiibe tena, bali afanye juhudi kwa mikono yake apate kitu cha kumgawia mhitaji, na wahitaji wa kwanza wa mume wako ni watoto watatu wenye sare na madaftari.

Na la nne ni namna anavyoyataja mapigo. Msikilize vizuri anapoomba msamaha. Kama anasema “tuligombana”, “shetani alinipitia”, “pombe ilinifanya”, au “sote tulikosea”, bado hajafika. Kama anasema, “Nilikupiga siku ile mbele ya watoto, na haikuwa kosa lako,” hapo nasikia moyo wa nyama. Kuna mtego mwingine ambao wengi hawauoni: anayetumia wokovu wake kama madai. Mwanamume akikuambia, au akiwatuma wazee wakuambie, kwamba kwa kuwa yeye ameokoka wewe sasa una wajibu wa kumpokea, basi amebadilisha silaha tu. Zakayo hakumdai mtu yeyote chochote.

Sheria ya nchi nayo iko upande wako, na hilo si jambo la kidunia la kulionea haya. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya kumpiga. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Akikutishia au kuinua mkono tena, awe ameokoka au hajaokoka, nenda huko kabla ya kuja kanisani. Katika Warumi 13 Paulo anauita utawala mtumishi wa Mungu.

Pengine utaona kwamba sijakuambia kama mume wako amezaliwa mara ya pili kweli. Sijui, na wazee hawajui, na hata yeye anaijua sehemu tu. John Wesley, mhubiri Mwingereza ambaye wengi humtaja kwa jioni ile ya Mei 24, 1738 jijini London alipohisi moyo wake ukipata joto la ajabu, aliandika Januari ya mwaka uliofuata kwamba yeye si Mkristo, kwa kuwa aliupima upendo, furaha na amani yake akaviona vimepungua. Sidhani alikuwa sahihi kuhusu nafsi yake. Lakini namheshimu kwa sababu alikuwa tayari kuuliza, na sioni kwa nini mvuvi wa Kibirizi anyimwe heshima ya kuulizwa. Wanaomkinga na maswali wanamnyima pia msaada, kwa maana mlevi aliyekwisha kutangazwa kiumbe kipya hana tena mahali pa kusema kwamba jana alikunywa.

Wazee wakikuita tena, usiende peke yako. Mchukue kaka yako, na mama mmoja wa kanisani ambaye unajua hatayumba. Uwaambie kwamba humtilii shaka Roho Mtakatifu, na kwamba kwa kuwa unaamini Roho hubadilisha watu, uko tayari kungoja uone. Waulize ni nani kati yao atakayekuwa Barnaba wa mume wako, yaani atakayekaa naye kila mbalamwezi, atakayejua fedha yake inakwenda wapi, na atakayekuja kwako baada ya miezi kumi na miwili kueleza alichokiona kwa macho yake. Mwambie mume wako, mbele yao, kwamba anaweza kuwaona watoto Jumapili mchana nyumbani kwa kaka yako, na kwamba fedha za VICOBA aanze kuzipeleka kwa mweka hazina wa kundi mwenyewe, mkono kwa mkono, giza likiisha. Kama hakuna mzee hata mmoja aliye tayari kuifanya kazi hiyo ya mwaka mmoja, basi wasikuombe wewe uifanye kwa maisha yako yote. Uniandikie watakachojibu.